Sina Neno na Mtu

Jumamosi, 3 Novemba 1979

Kesho ni Meza ya Bwana. Nimeosha vile vikombe vidogo vya glasi vyote. Nikasuuza mara ya kwanza, nikasuuza mara ya pili. Ukisuuza mara moja tu watu watakunywa sabuni wakiwa wamefumba macho, na hakuna atakayesema. Kitambaa cheupe nimekipiga pasi. Makaa mabaya, moshi tu. Miaka kumi na sita ya kazi hii na sijaichoka.

Baba Njeri ameleta sanduku kubwa la mbao kutoka soko la Gikomba. Ati ni la blanketi. Tuna blanketi tatu. Sikuuliza.

Jumapili, 4 Novemba

Nahama. Nimejua hivyo kwenye matangazo ya kanisa.

Baada ya tangazo la harusi, kabla ya lile la kufyeka nyasi, Mzee Mutua alisimama na karatasi yake. Ndugu yetu Baba Njeri anamaliza kazi ya udereva, mwezi ujao anarudi shambani Kinangop pamoja na mke wake, tuwaombee. Mke wake ni mimi! Nilikuwa pale nyuma nimeshika trei ya vikombe.

Watu wakageuka kunitazama, wanatabasamu. Nami nikatabasamu. Uongo mtupu, na vikombe vya Bwana mkononi.

Kustaafu nilijua. Kuhama hatukukubaliana. Nyumbani nikamuuliza. Anasema alikwenda kwanza kwa mzee kuomba barua ya kuhamisha ushirika, maana bila barua kanisa la huko halitatupokea. Angeniambia ikishaandikwa. Hakujua itatangazwa leo.

Barua kwanza, mke baadaye. Nimempakulia ugali. Mimi sikula.

Jumanne, 6 Novemba

Mama Kalekye alijua.

Nimeyapata mferejini tukichota maji, kutoka kwa mama mwingine aliyedhani nami najua kwamba wanajua. Mzee Mutua alimwambia mkewe, mkewe akawaambia kina mama wa ushirika wa Alhamisi. Wiki tatu wananiombea. Kuniombea bila mimi! Ndiyo maana maombi yalikuwa yakikoma nikiingia mlangoni.

Wengine nawasamehe kesho. Mama Kalekye, hapana. Mlango wake na wangu inatazamana. Tulipomzika mwanangu Kamau, alilala sakafuni kwangu siku nne. Mtu wa namna hiyo anajua naondoka na ananisalimu Bwana asifiwe kila asubuhi, macho makavu!

Alhamisi, 8 Novemba

Sikwenda ushirika. Nimetuma neno kwamba jino linauma. Jino haliumi.

Jioni Mama Kalekye amebisha na kibuyu cha uji, wa jino. Nimeupokea mlangoni. Sikusema karibu.

Uji ulikuwa mtamu. Hata hilo limenikasirisha.

Jumatano, 21 Novemba

Napakia. Baba Njeri anatembea kwa ncha za vidole humu ndani kama mgeni. Vizuri.

Kina mama wamechanga pesa za nyama, itanunuliwa soko la Burma. Wananiaga Alhamisi ya wiki ijayo. Desturi yetu ninaijua, nimeisimamia mwenyewe mara nyingi. Anayehama anapikiwa, anafungwa leso, kisha anasimama na kusema, "Sina neno na mtu." Ndipo wote wanampa mkono. Mwenye neno moyoni haendi Mezani mpaka alitoe.

Nimewasikia wengi wakisema sina neno. Hata mmoja ambaye juzi yake alimpiga mwenzake na ndoo.

Na Meza yangu ya mwisho pamoja nao ni tarehe mbili. Naitaka sana. Lakini siwezi kusema sina neno. Ninalo.

Alhamisi, 29 Novemba

Wamepika, tumekula. Nimefungwa leso mbili, nikapewa karai na sufuria. Hotuba ndefu. Kila mmoja dada yetu, dada yetu.

Nikasimama.

"Nina neno."

Mmoja alikuwa ameshaanza kupiga makofi, mikono ikabaki hewani.

Nikawaambia. Mlijua naondoka nikiwa sijui. Mliniombea kama mtu aliyekufa. Na wewe Mama Kalekye, wewe ndiye uliyenikata moyo. Nilisema kwa sauti kubwa. Sijutii.

Akainuka. Nilidhani ataomba msamaha kwa unyenyekevu. Wapi!

"Ningekuambia ungefanya nini, Mama Njeri? Ungenuna. Mimi nakujua, ukinuna ni mwezi. Nilitaka wiki zangu tatu na wewe ukiwa mzima. Basi, nimeiba. Nisamehe."

Mtu akacheka pale nyuma. Mimi nikalia, naye akalia, tukashikana pale na leso zikafunguka. Bado nina hasira. Lakini neno lake limetoka.

La Baba Njeri liko palepale.

Jumamosi, 1 Desemba

Mama Kalekye amekuja asubuhi kujifunza vikombe, maana kazi sasa ni yake. Ana haraka. Anasuuza mara moja, anasema vimetakata. Nimemrudisha kwenye karai mara tatu. Akaniuliza kama nahama kweli ama ni maneno tu.

Baada ya chakula cha mchana nikamwambia Baba Njeri wazi: kesho siendi Mezani na wewe namna hii. Utakwenda peke yako na watu watauliza.

Alikaa juu ya lile sanduku. Kisha akasema, "Nilikosa. Niliogopa utakataa."

"Ningekataa."

"Najua."

"Na ungenisikiliza."

Akainamisha kichwa, akasema ndiyo. Miaka ishirini na minane, sijawahi kumsikia akisema amekosa. Nimemsamehe. Kinangop yenyewe bado sijaisamehe. Kuna baridi na simjui mtu.

Jumapili, 2 Desemba

Leo nimekaa benchi la tatu, kama watu wengine. Mikono haikujua ikae wapi. Lori linakuja kesho.

Mama Kalekye alipita na trei, amevaa kitambaa kipya cha kichwa, anatembea polepole asimwage. Alipofika kwangu hakunitazama. Nami sikumtazama. Tungeaibika.

Kikombe changu kilikuwa na sabuni.

Nilikunywa yote.