Docteur chini ya meza

Espérance, leo masasi ya bunduki ilifika mpaka huku kwetu, quartier Golf. Niko nakuandikia, tena niko nacheka.

Nilimusindikiza kwa docteur Syntiche, mutoto ya dada yangu, ule hasikie. Docteur alikuwa anapima «qualité de vie», ni kusema maisha iko namna gani, ya batoto kama yeye. Akamuuliza polepole, asome midomo: «Unategemeaka bengine sana?»

Mbele ya Syntiche kujibu, masasi ikalia. Docteur akaingia chini ya meza. Chini ya meza, Espérance. Na miye nyuma yake.

Syntiche hakusikia kintu, lakini aliona sura zetu. Akafunga mulango na ufunguo, akavuta rideau ya dirisha, akaikala chini pembeni yetu. Docteur akashika nguo ya Syntiche, jupe yake, hakuiachilia.

Masasi iliponyamaza, njo Syntiche akamugeukia, akajibu swali: «Leo hapana, docteur.»