Gari Linalala Wapi?

Isamilo, Mwanza

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Kahawa mmeanza kuchuma? Huku sisi wazima, ila kuna jambo limenikaa kooni, na heri ulisikie kutoka kwangu kabla hujaagana na majirani kuja kuishi kwangu.

Unajua teksi ninayoendesha bado namalizia kuilipa kwa mwenyewe, na sharti lake ni bima kubwa. Zamani, shirika la bima lilipokuwa moja, bei ilikuwa moja mji mzima. Tangu milango ya biashara ifunguliwe zimekuja kampuni za watu binafsi, na hawaulizi wewe ni dereva wa namna gani. Wanauliza, "Gari linalala wapi?" Nikasema Buhongwa, nyumbani kwangu. Yule dada wa dirishani akanitazama kama niliyesema porini. Huko wizi mwingi, akasema, bei yake karibu mara mbili ya Isamilo.

Mama, gari lenyewe mchana kutwa liko mjini! Buhongwa linakwenda kulala tu, kama mimi. Lakini ningebishana na nani? Mwenye gari alitishia kulichukua. Nikaipangisha nyumba, nikahamia Isamilo kwenye ua wenye geti, gari lilale kwa bei nafuu. Mimi, mkweo Adela na watoto tumejibana chumba kimoja. Mpangaji, karani wa kiwanda cha minofu ya samaki, alilipa kodi ya miaka miwili mbele, nayo ikaishia kwa mwenye gari.

Wenzangu hawakukimbia. Mzee Masanja, anayelaza teksi yake Buswelu, alisimama mbele ya meneja wa bima. "Bwana mkubwa, mji ni mmoja. Mimi sijagonga hata mbuzi. Kuna dereva wa Isamilo kagonga ukuta wa ofisi yenu juzi, na bado analipa kidogo kuliko mimi!" Tulicheka mpaka meneja naye akacheka. Walivutana wiki nyingi, mwishowe kampuni ikakubali: tofauti ya mtaa na mtaa itabaki, lakini iwe ndogo, isivuke kiwango walichokubaliana.

Nilipiga makofi kuliko wote. Kisha nikakumbuka kuwa Buhongwa sasa sina pa kulaza gari, wala pa kulala mwenyewe. Ulinifundisha tangu mdogo kwamba haraka haraka haina baraka. Najuta, Mama, najuta sana.

Jumapili nilikwenda kuwajulia hali wale wapangaji. Miche ya migomba uliyonitumia imezaa. Chumba kile cha upande wa migomba, nilichokujengea wewe, analala mama yake karani. Mama mwema kabisa, hata kumchukia nimeshindwa. Alinikatia chane ya ndizi, akaniuliza kama mama yangu yu hai. Nikasema yu hai.

"Sasa mbona humleti ukae naye?"

Nilimshukuru kwa ndizi, nikaondoka.

Nisalimie kaka Deo, na umwambie asikate tiketi yako. Msalimie shangazi mwenye duka pale njia panda, na yule jirani aliyekuahidi kukutunzia mbuzi. Mwambie abaki na ahadi yake kwanza. Adela anasema ndizi zako ni tamu, watoto wamezimaliza.

Mzigo uliokwisha kuufunga, naomba uufungue, Mama.

Mwanao,
Faustine