Sheria ya Meza ya Bombani

Jumatatu, 3 Novemba

Tiketi imefika! Nimeibana kwenye friji kwa sumaku, nikaihamishia kwenye pochi, nikairudisha kwenye friji. Mtu mzima na akili zangu.

Jumamosi ni tamasha la kuonja bia za watengenezaji wadogo. La sita kwangu. Rafu ya jikoni ina glasi za miaka yote iliyopita, kila moja na mwaka wake ubavuni. Nanywea maji, kwa zamu. Leo zamu ya ile ya mwaka jana — ile ambayo Kofia, mwenzangu wa mezani, aliifuta kwa shati lake.

Kazini simu hazikupumzika. Mimi ndiye sauti ya kampuni ya maji. Jina lako kamili? Namba ya mita? Kutwa nzima. Bwana mmoja kanitukana kwa sababu bomba lake linakohoa. Nikamwomba radhi kwa niaba ya bomba.

Jumatano, 5 Novemba

Mdogo wangu kapiga. Niende kwake Jumamosi, watoto wananiulizia. Nikamwambia nina tamasha. Akacheka — dada, miaka yote hiyo unakunywa na watu usiowajua hata majina? Nikamjibu ndiyo raha yake.

Sheria niliitunga mimi. Mwaka wa kwanza tulikuwa wanne, hatujuani, tumebanana kwenye meza ya pembeni karibu na bomba la kusuuzia glasi. Mama mmoja akaanza kunihoji naitwa nani, nafanya kazi wapi. Nikamkatiza: hapa hakuna majina, hakuna kazi, hakuna namba za simu. Tunakunywa, tunacheka, tunaonana mwakani. Wakagonga meza kwa furaha. Tukabatizana papo hapo. Yeye Mama Karanga, kwa mfuko wake wa karanga usioisha. Mzee mwenye masharubu akawa Povu. Mwenye kofia akawa Kofia, hatukujisumbua. Mimi Ndimu, kwa jinsi nilivyokunja uso nilipoonja bia ya kwanza.

Siku moja kwa mwaka simuulizi mtu jina lake. Nilikuwa napumzika, basi.

Alhamisi, 6 Novemba

Nitavunja sheria. Haya, nimeandika.

Mwaka jana tukitoka getini Kofia aliniambia — Ndimu, na nikikukosa mwakani? Nikamjibu sheria ni sheria. Nilisema kwa kucheka. Na yeye akacheka, akaigusa kofia yake, akaenda zake. Mwaka mzima hiyo "nikikukosa" naichemsha upya kama chai ya jana.

Nampenda. Ananusa bia amefumba macho, kisha ananiinamia na kuninong'oneza: hii inanuka darasa lililopigwa deki. Au: hii mvua juu ya bati. Na kweli inanuka hivyo! Mwaka mzima hakuna mwingine anayeninong'oneza kitu.

Ijumaa, 7 Novemba

Kikaratasi tayari. Jina langu lote na namba ya simu. Jina nimelitazama mpaka likawa geni. Nguo ya kijani nimeipiga pasi, nikaikunja vibaya, nikaipiga tena.

Nitampa mapema, kabla bia haijanipa ujasiri wa bandia.

Jumamosi, 8 Novemba

Naandikia bombani, nyuma ya hema. Nimewaaga naja kusuuza glasi.

Povu na Mama Karanga niliwakuta wameshafika, karanga zimemwagwa mezani. Kiti cha Kofia kitupu. Nikaweka pochi yangu juu yake asije mtu akakichukua. Kila kofia ikipita, roho inaruka. Tukaanza na bia nyeusi, nzito. Nikaishika puani, nikangoja mtu aseme inanuka nini. Povu akasema tamu.

Nilikuwa nangoja bado, simu ya Mama Karanga ikawaka mezani. Kwenye kioo picha: yeye kavaa gauni la sherehe, Povu na tai, katikati yao mwanamume mwenye upara anacheka. Nikauliza huyu nani. Povu akageukia karanga. Mama Karanga akasema polepole — si Kofia huyo? Harusi ya binti yangu.

Miaka yote hiyo sikujua ana upara.

Basi yakatoka, moja baada ya jingine. Namba walipeana mwaka ule ule wa kwanza, getini, mimi nimeshaondoka. Wana kundi lao la simu. Povu alipolazwa walipokezana kumpelekea chakula. Kofia ni mwalimu wa hesabu. Mwezi wa nne alipata uhamisho, mji wa mbali, wakamsindikiza mpaka kituo cha mabasi. Picha zipo. Mama Karanga alinionyesha hadi ya begi lake.

Nikauliza, na mimi je?

"Mwanangu, sheria si yako?" Povu akasema. "Tuliogopa kukukera. Kofia mwenyewe alituambia tukuache, ndivyo unavyopenda. Alisema alikujaribu getini ukamfungia mlango."

Hakusema kwa ubaya. Hapo ndipo yaliponikata maini. Nikajikaza kisabuni, nikatafuna karanga, nikasema bia nzuri mwaka huu. Mama Karanga akanishika mkono. Nikautoa taratibu nikachukua glasi, kwamba naenda kuisuuza.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Naujua msemo huo tangu utotoni, leo ndiyo nimejua unachoma wapi.

Kikaratasi ninacho hapa, kimelainika kwa jasho la mkono. Watu wanakuja bombani wawili wawili, wanasuuza, wananiambia samahani dada, wanapita. Kule mezani Mama Karanga kapiga simu ya video. Anapaza sauti, mtandao unakatika, anapaza tena. Povu anacheka kitu.

Sasa nasikia sauti ya tatu. Ya chini, ile ile.

Inauliza Ndimu kaja?

Mama Karanga ananitafuta kwa macho. Kaniona. Anakuja, simu kainyoosha mbele. Kwa mbali naona upara na ukuta mweupe wa chumba nisichokijua.

"Ndimu! Fanya haraka, chaji inaisha. Huyu anasema leo umwambie jina lako."

Nimemwambia nakuja, namalizia kusuuza. Glasi imetakata zamani. Maji yanamwagika bure, na mimi mtu wa kampuni ya maji, sijafunga bomba.