Sindano za Baba Yako Mdogo

Nawoitorong, Lodwar, 2013

Mpendwa Lokai,

Ejok, hujambo? Sisi tu wazima. Bibi yako bado anauza samaki wa Kalokol, nami namsaidia tangu nimalize shule.

Umeniuliza kama dawa za misuli wanazotumia wenzako huko Kitale ni mbaya. Nitakueleza ya baba yako mdogo, Ekal.

Mwaka jana alipata kazi ya ulinzi Lokichar, akaanza kujidunga dawa hizo ili aonekane mkubwa. Alirudi nyumbani akiwa mkali. "Mnanicheka," alisema, na hakuna aliyekuwa amecheka. Dawa zilipomwishia hakula wala hakulala, akaniambia hataki kuishi tena.

Bibi yako alidhani amerogwa. Wazee wakachinja mbuzi ili wampake mavi ya utumbo kifuani, atakasike. Mimi nilikuwa nimeziona sindano kwenye begi lake, lakini niliona haya kusema mbele ya wazee. Alipofungua shati nikaona analia, nikasema, "Ni dawa anazojidunga. Anataka kufa."

Mzee aliyeshika kisu akanitazama. "Na wewe msichana, ulingoja mbuzi afe kwanza?"

Hata Ekal alicheka kidogo. Siku hiyo hiyo tulimpeleka hospitali. Daktari alisema dawa hizo huvuruga akili, na ukiziacha ghafla huzuni huweza kukulemea. Sasa analala, ingawa siku nyingine hasemi na mtu.

Lokai, kama umeshaanza, niandikie. Safari hii sitangoja mbuzi.

Shangazi yako,
Akiru