Maneno ya Jatani Niliyoyafupisha

Garsen, Mto Tana,
9 Desemba 1957.

Mpendwa Shangazi Mumina,

Shikamoo shangazi. Naomba barua hii ikukute huko Tanga ukiwa mzima, na lile goti lako liwe limekuachia upate kusali umesimama. Sisi ni wazima. Baba amepona kikohozi, na mama asema mafuta uliyomletea yameisha siku nyingi, ila hakunituma niyaombe.

Nisamehe kwa kukaa kimya miezi mitatu. Leo naandika kwa hasira, na afadhali nikwambie mapema, maana wewe hunijua hata kwa mwandiko.

Wajua kazi yangu hapa ni kufundisha watu wazima kusoma na kuandika. Darasani mna Wapokomo wenzetu, Waorma, Wasomali wenye maduka, na Wagiriama waliohamia mashamba ya Chara. Mwezi uliopita tuliletewa mkufunzi kutoka mbali, atufundishe kwa siku tatu namna ya kusikilizana, ili watu wa lugha mbalimbali tuishi bila kugombania malisho na mashamba. Mimi niliwekwa mkalimani, kwa kuwa Kiorma nakijua tangu utotoni.

Jambo lenyewe lilikuwa jema na nililifurahia. Lakini bwana yule alikuja na kengele ya mezani. Kila mtu dakika mbili, zikiisha, kengele. Yeye mwenyewe alisema tangu asubuhi hadi adhuhuri na kengele haikulia. Ubaoni aliandika SIKILIZA kwa herufi kubwa, akatutamkisha neno hilo sote pamoja kama watoto wa chuoni. Jumwa, mama wa Kigiriama asiyekosa darasa langu, aliuliza juu ya mpaka wa shamba lake, akaambiwa swali hilo ni la kesho. Kesho yake hakuna aliyemwita.

Siku ya pili, Jumanne, alisimama Jatani, mfugaji wa Kiorma, mtu mzima wa heshima zake. Alikuwa amefika alfajiri ile na ng'ombe wake, akiufuata mto kutoka upande wa Madogo. Wazee wa Kiorma hawavamii habari. Huanza na salamu, kisha njia, kisha mifugo. Basi alieleza alikolala na kisima alichokikuta kikavu, mkufunzi akitazama saa. Ndipo akasema kwamba huko juu mto umevunja kingo, maji yamefika kwenye matawi ya miti, naye ameyakimbia siku sita. Watu wa mabondeni wahame.

Kengele ikalia.

"Asema nini?" mkufunzi akaniuliza. "Kwa ufupi."

Nikajibu, "Anazungumzia maji ya mto."

"Maji si somo letu. Mwambie aketi."

Nikamwambia aketi. Jatani alinitazama kidogo, akakunja shuka yake, akatoka.

Hapo hasira yangu inanirudia mwenyewe. Mimi nilimsikia neno kwa neno. Jumwa alikuwa ameketi hatua tatu kutoka kwangu, na Kiorma hajui hata kidogo. Nilidhani nitamweleza baada ya somo. Kisha nikaitwa kusimamia chakula cha wageni, nikasahau. Waorma walihamisha mifugo yao jioni ile ile. Na Wapokomo waliomwelewa Jatani walidhani Wagiriama nao wameshaambiwa, kwa kuwa palikuwa na mkalimani.

Ijumaa maji yakaingia Chara. Mkufunzi alikuwa ameshaondoka zake. Mahindi ya Jumwa, yaliyobakia kuvunwa tu, yalilala yote chini ya matope. Mama mkwe wake, Bibi Kadii, ambaye miguu haimchukui, walimpandisha juu ya dungu la kuwingia ndege, akakaa huko siku mbili akinyeshewa, hadi tulipomfikia kwa mtumbwi. Nilishika pondo mimi. Alipoingia mtumbwini alinishika mkono akaniombea dua ndefu, nami sikuweza kumtazama usoni.

Sasa sikia lililonitia moto. Juma lililopita nimeletewa karatasi nitie sahihi kwamba washiriki wote walisikilizwa na mafunzo yalifanikiwa. Nimekataa. Nyuma ya karatasi nimeandika maneno yote ya Jatani, na chini yake yale manne niliyoyasema mimi mahali pake, nikatia sahihi hapo. Wenzangu wasema nitafukuzwa kazi. Ukisikia nimerudi kwetu Ozi kulima mpunga, usishtuke, na wala usinilaumu.

Darasa langu bado laendelea. Nimeweka sharti moja: usimjibu mtu mpaka uyarudie aliyoyasema, naye akubali kwamba ndiyo. Bulle mwenye duka alinuna siku mbili, akisema ni mchezo wa watoto. Siku ya tatu alirudishiwa maneno yake na Jumwa, akakiri kwamba kwa miaka minne hapa sokoni hilo halijamtokea.

Jana Bibi Kadii alibebwa hadi darasani. Nilikuwa nimeshamwambia kosa langu. Akaomba Jatani aitwe, ayaseme upya yale ya Jumanne. Jatani alianza na salamu, akaja kwenye njia, akaja kwenye ng'ombe. Nilifasiri yote, hata kile kisima kikavu. Alipomaliza, Bibi Kadii akayarudia kwa Kiswahili chake cha polepole, bila kuacha kitu, nikamfasiria Jatani, naye akasema ndiyo.

Kisha yule bibi akanyoosha vidole vyake. "Jumanne ya kuvuna," akasema. "Jumatano ya kubeba. Alhamisi ya kuhama." Akavitazama vile vidole vitatu. "Zilitosha."

Shangazi, sina la kuongeza. Nisalimie mumeo, Mzee Abdulsalam, na dada Sadia na wanawe. Baba na mama wakusalimu sana. Mola akuhifadhi, akuondolee maumivu, na atukutanishe tungali hai.

Ni mimi mwanao, nikupendaye na kukukumbuka,
Athman