Mwanamke Uliyenunua Vitunguu Vyake

Chaka, Jumapili baada ya kanisa

Nyawira,

Usitie tena jina langu chini ya mambo ambayo hukuyauliza. Jina hilo lilikuwa langu kabla halijawa lako. Baba yako, mwanangu wa kwanza, alikupa wewe kwa kuwa mimi ni mama yake na wewe ni binti yake wa kwanza, na likakufikia likiwa safi. Juzi mwenyekiti wa darasa alitusomea nakala ya ripoti yako mbele ya watu wote, na alipofika mwisho akasema, "Imeandikwa na Nyawira." Watu wakageuka wakaniangalia mimi. Nilitamani benchi linimeze.

Sasa nikusalimie. Hamjambo huko Tetu? Mgongo wa baba yako umepoa, ama bado anabeba magunia kama kijana? Yule ng'ombe mwekundu amezaa? Mimi niko mzima. Baba yako mdogo na mkewe wananitunza vizuri, ila huku Kieni ni vumbi tupu, na kila siku naikumbuka ile mvua yetu ya kule nyumbani. Nina afya, tena niko na hasira.

Nimeandika Kiswahili kwa makusudi. Uliniambia mkubwa wako wa ofisini ni mtu wa pwani. Basi naye asome. Mkono ni wangu mwenyewe, hakuna aliyenishikia kalamu, na makosa ukiyaona, kaa nayo.

Wewe ulikuja huku kupima kama darasa letu la ngumbaru linasaidia watu wazima kusoma, ama ni bure. Kazi nzuri. Nilijivuna ulipoteremka kutoka kwa gari ya serikali na viatu vyako vinang'aa. Ukaingia kanisani tunaposomea, ukatukuta kwa mabenchi, ukaanza maswali. Ukaniuliza kama mwalimu anafundisha vizuri, na mwalimu mwenyewe amesimama hapo hapo! Nikasema anafundisha vizuri, lakini kuna jambo. Unakumbuka ulivyonijibu?

"Cucu, jibu swali tu. Ndiyo ama la."

Watu wakacheka. Na mimi nyanya yako nikacheka, kwa sababu nilidhani utakuja nyumbani tunywe chai nikueleze. Hukuja. Ati dereva ana haraka.

Halafu unaandika nini? Unaandika kwamba wanawake wa upande wa chini ya barabara waliandikishwa wakaacha kuja, na kwamba hawana haja ya kusoma. Nani alikuambia? Mwenyekiti. Na yeye mara ya mwisho kuteremka huko chini alikuwa anatafuta mbuzi aliyepotea. Tena unaandika kwamba Mwalimu Kariuki hupiga kelele bila sababu, na hiyo si njia ya kufundisha watu wazima. Sasa tumeambiwa mwezi ukiisha mkubwa wako atakata shauri, na kama ripoti ni hiyo, darasa linafungwa.

Nyawira, ulipokuwa unatoka, ulimwona mwanamke ameketi chini nje, mgongo kwa ukuta, chini ya dirisha, na kikapu mbele yake? Ulimwona. Ulimwamkia vizuri sana, ukanunua vitunguu vyake, ukamwambia ni vizuri kuliko vya Nyeri. Yule ni Mama Wangari wa upande wa chini. Hakai pale kuuza vitunguu. Anasoma.

Msichana wake Wangari ndiye mke wa Mwalimu Kariuki. Sasa umeelewa, ama nikuandikie kwa herufi kubwa? Mama huyo aingie aketi kwa benchi, mkwe wake amwambie, "Mama, hapana, umekosea, rudia"? Mbele ya watu? Wewe umesahau thoni, ile haya ya wakwe? Umesahau nyanya yako mzaa mama alivyokuwa akikatisha shambani akimwona baba yako anakuja njiani? Baba yako na shati lake la ofisi, na yule mama anapita kwa kahawa kama mwizi ili wasikutane uso kwa uso. Ulikuwa unacheka sana. Basi huku ni hivyo hivyo. Na upande ule wote wa chini ni nyumba moja. Wote ni dada za Mama Wangari na wake wa ndugu za mumewe. Mwalimu alipooa pale, wote wakawa mama wakwe zake siku moja.

Wale wengine walirudi nyumbani. Huyu akakataa. Akatafuta ukuta. Na Kariuki anajua yuko pale, ingawa hajamwambia neno wala hasogei kwa dirisha hilo. Anapiga kelele ili asikike nje! Hiyo ndiyo kelele uliyomwandikia kuwa ni kosa.

Nilimfuata Mama Wangari baada ya ripoti kusomwa. Anaimba a, e, i, o, u bila kukosea, kama wimbo wa kanisa. Nikamchorea herufi kwa mchanga nikamuuliza ni gani. Akatazama, akatikisa kichwa. Hajui sura za herufi. Atazijua wapi, kwa ukuta?

Nikamuuliza, "Unasumbukia nini na umri huu?" Akaniambia kijana wake yuko Mombasa na huandika. Barua husomwa na mwenye duka. Juzi kijana aliandika kwamba amelazwa hospitali, na kabla mama huyu hajavuka barabara, wanawake sokoni walikuwa wanampa pole. "Nataka kujua mambo ya mtoto wangu kabla ya watu kuyajua," akasema. Na wewe umeandika hana haja.

Siyakatai maswali yako. Yalikuwa mazuri, lakini uliyauliza mahali pabaya, ukauliza walioweza kuingia tu. Aliyeshindwa kuingia ndiye angekuambia mlango una ubaya gani. Na usiniulize mimi dawa yake ni nini, kama ni mwalimu mwanamke ama ni siku yao peke yao. Mimi si mdomo wao. Waulize.

Baba yako msalimie, mwambie aache magunia. Mama yako nampa pole ya kukamua peke yake. Ndugu yako mdogo mwambie nyanya yake sasa anasoma gazeti, asinidanganye tena na mambo ya mpira. Baba yako mdogo anawasalimu wote.

Sasa sikia. Ripoti hiyo ichukue kutoka mezani kwa mkubwa wako kabla hajatia sahihi, na umsomee barua hii. Alhamisi rudi Chaka. Gari iache barabarani, mwenyekiti umwache kwake, Kariuki usimwite. Teremka kwa Mama Wangari kwa miguu, ukae chini, uulize, na akianza kueleza usimwambie ndiyo ama la.

Cucu wako, mwenye jina,
Nyawira