Tulivyowafundisha Polisi Kutupita

Jumapili, 1 Juni

Tumeshuka tena Mbamba Bay baada ya misa ya kwanza. Mimi, Baba Neema, wali kwenye hotpoti, na hiyo boti yake ya faiba. Wavuvi wanatucheka. Mtu mzima anaingia ziwani bila nyavu, anafuata nini? Hata mimi sijui. Mimi wa milimani, wa kahawa. Nakaa chini katikati, mkono mmoja umeng'ang'ania ubao. Sisimami kamwe.

Polisi wa doria nao hawatuelewi. Boti isiyo na nyavu wala abiria kwao ni magendo ya Msumbiji. Wanasimamisha, wanapekua mpaka hotpoti. Baba Neema amepata dawa yao: tukiwaona tu, nipunge kitenge na kucheka. Watu wa furaha, hawana shida. Leo wamepunga nao, wakapita. Amefurahi kama mtoto.

Jumamosi, 7 Juni

Tumekuja mapema, tunalala kwa shemeji. Polisi wamemkuta Baba Neema ufukweni anaosha boti. Koplo mmoja wa kike akamwuliza jaketi okozi lake liko wapi. Langu ninalo. Yeye hana.

"Mimi Mnyasa, afande. Mtoto wa ziwa havai boya."

Watu wakacheka. Koplo hakucheka. Mimi niliona aibu.

Upepo wa mwera unavuma tangu jana. Nimemwambia kesho tusiende. Kasema nina woga wa Kimatengo, wa watu wa milimani.

Jumapili, 8 Juni

Naandika usiku, kwa shemeji.

Injini ilizimika nje ya ghuba. Akavuta kamba, akavuta. Kimya. Mwera ukatushika, ukatusukuma kuelekea katikati ya ziwa. Mawimbi yakaanza kuingia ndani. Nikachota maji kwa kifuniko cha hotpoti. Simu haina mtandao. Baba Neema akakaa tu, ameshika ubao kwa mikono yote miwili, hanitazami. Nilidhani amekasirika.

Kisha boti ya doria. Mungu wangu, nilivyowapenda wale watu! Nikapunga kitenge. Nikapiga kelele, upepo ukazimeza.

Wakapunga nao. Wakapita.

Wakapita! Na ni sisi tuliowafundisha. Sijawahi kuogopa hivyo, hata leba. Akilini nilimwona Neema wetu shuleni, anaitwa ofisini kwa mwalimu mkuu, anaambiwa akae kwanza. Nikasimama. Boti inayumba, mimi nimesimama, nalia, mikono yote juu.

Wakageuka.

Jumatatu, 9 Juni

Bado tuko kwa shemeji. Koplo amekuja kutujulia hali. Shikamoo mama, marahaba. Jana naye alikuwamo kwenye boti ya doria, nikamwuliza mbona waligeuka.

"Mama, wewe huwa husimami. Jana ulisimama."

Basi, ni hilo tu. Nimelia mbele yake. Je, angekuwa zamu mtu mwingine? Nikifumba macho naiona ile boti inatupa mgongo.

Jumamosi, 14 Juni

Polisi wamewaita wenye boti za matembezi, wawaulize wanataka doria iwatendee nini. Wamesema mengi. Msitupekue. Msitufukuzie wageni. Msitupige na mawimbi ya boti yenu. Baba Neema aliangalia viatu vyake. Mficha uchi hazai, nikasimama mimi.

Nikasema tusimamisheni. Hata tukipunga, hata tukicheka. Sogeeni, zimeni injini, mtuulize hali, msubiri jibu. Mkitaka hotpoti, pekueni.

Mwenye boti mmoja akasema huyu mama bado ana woga. Nikamjibu ninao. Koplo akatufundisha: anayetaka msaada anyooshe mikono yote pembeni, aipandishe na kuishusha polepole. Tukajaribu wote, watu wazima, mchangani. Hakuna aliyecheka.

Jumapili, 15 Juni

Mbinga, nyumbani. Hatukushuka. Ukungu na baridi.

Nilikuwa jikoni nachambua maharage. Baba Neema alikuwa uani na simu, sauti ya chini. Anaongea na koplo. Anaulizia jaketi. Anasema siku tukitoka atapiga kwanza, aseme tunaelekea wapi na tunarudi saa ngapi, ili tusiporudi watufuate.

"Mke wangu hajui kuogelea, afande."

Akageukia ukuta.

"Hata mimi."

Alilelewa kwa mjomba wake Songea, mbali na ziwa, tangu hajaota meno ya pili. Nilijua hilo siku zote. Sikuwahi kumwuliza.

Nimetia maharage chunguni, nikachochea moto. Aliporudi ndani nikampisha akae karibu na jiko.